Sufuria za Watu Wawili

"Unapikia watu wangapi?" muuzaji aliniuliza.

"Mia mbili na arobaini," nikajibu.

Sikuwa natania. Mdomo ulijibu wenyewe, kama unavyojibu ukiulizwa jina lako. Kwa miaka tisa nimekuwa mpishi wa jiko la hospitali, na kila asubuhi karani wa wodi huniletea idadi ya wagonjwa kabla sijavaa hata aproni. Sikuwa na idadi nyingine kichwani.

Muuzaji alikuwa mzee mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Wateja walimwita Profesa, kwa sababu hakuweza kuuza hata kijiko bila kukufundisha kwanza. Alinitazama juu ya miwani.

"Mia mbili na arobaini," akarudia taratibu. "Basi umekosea duka, mama. Wewe unatafuta pipa."

Wifi yangu mtarajiwa akacheka kwa sauti. Mdogo wake, yaani mchumba wangu, hakucheka.

"Wawili," akamwambia Profesa, huku akiniangalia mimi. "Anapikia watu wawili."

"Wawili," nikasema. "Samahani."

Mchumba wangu ni fundi wa lifti katika hospitali hiyo hiyo ninayopika. Kila mtu humwita Fundi, nami pia, ingawa ilikuwa imebaki wiki tatu tu awe mume wangu. Yeye huniita Mpishi. Jumamosi ile asubuhi tulikuja kununua sufuria za nyumba aliyotupangia, vyumba viwili na jiko lenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kitanda alichagua dada yake. Mapazia alichagua dada yake. Viti alichagua Fundi mwenyewe, baada ya kuniuliza mara tatu nami nikamjibu vyovyote. Sufuria aliniachia mimi. "Jikoni ni kwako," alisema. "Huko mimi siingilii."

Nilikuwa nimemzika mama miezi mitano kabla ya hapo. Sikulia mazishini, na baada ya mazishi pia sikulia. Watu walinisubiri nilie, wengine hata walinishika mabega tayari, mwishowe wakachoka wakaenda kula. Moyo wangu ulikuwa kama mdomo uliochomwa sindano na daktari wa meno. Ukiugusa kwa kidole unajua upo, lakini wenyewe hauhisi kidole. Sala sikuacha. Kila asubuhi nilipiga magoti, nikasema maneno yote kwa mpangilio wake, nikainuka. Mungu alikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilijua yupo, kama unavyojua jirani yupo kwa kusikia maji yake yakichuruzika, lakini hakuna aliyegonga.

"Haya, watu wawili," Profesa akasema, akasugua viganja. "Stenlesi ninazo za aina tatu. Kuna ya kuonyesha wageni, kuna ya kupikia, na kuna ya kujuta. Kwa macho zinafanana. Zote zinang'aa."

"Sisi tunataka inayong'aa," wifi akasema. Alikuwa amekwisha kuona anachokitaka: seti ya vyombo kumi na viwili ndani ya boksi kubwa, mifuniko ya kioo, vijiko vyake, na picha ya mwanamke anayecheka akikaanga kitu. "Hii hapa. Mgeni akiingia jikoni, aone kuna nyumba."

"Kumi na viwili ukihesabu na mifuniko," Profesa akasema kwa upole. "Na vijiko. Sufuria zenyewe ni nne."

"Nne kwa watu wawili zinatosha. Wifi, unaonaje?"

"Sawa," nikasema.

"Umeiangalia?" Fundi akaniuliza.

"Nimeiona."

"Sumaku," Profesa akasema, akaitoa mfukoni. "Wengi wanaamini ikishika, hiyo si stenlesi. Uongo huo. Angalieni kitako, angalieni..."

"Profesa, tupe dakika moja," Fundi akasema. "Mpishi, njoo huku kidogo."

Tukaenda nyuma ya rafu ya chupa za chai. Alikuwa mrefu kuliko rafu, ikabidi ainame ili dada yake asimwone kichwa.

"Unaitaka ile seti?"

"Ni nzuri."

"Sikuuliza kama ni nzuri."

"Basi tuchukue nyingine."

"Ipi?"

"Unayoipenda wewe."

"Mimi hata chai huniungulia," akasema. "Wewe ndiye unayejua. Wiki iliyopita ulirudisha magunia sita ya mchele kwa kuyanusa tu. Mwenye lori alikusihi, akakuapia, hukumtazama hata usoni. Leo sufuria ya nyumbani kwako inakushinda?"

"Ule ulikuwa mchele wa wagonjwa."

"Na sufuria hizi ni za nani?"

Nikaangalia chupa za chai. Zilikuwa na maua mekundu. Nilijua hapa ndipo mwanamke anatakiwa kusema jambo, na nilikuwa tayari kulisema kama ningeliona lilipo.

"Nikuulize kitu, unijibu ukweli," akasema. "Siku nilipokuomba nikuoe, ulisema nini?"

"Nilisema sawa."

"Ulisema sawa. Nikatoka pale nikitembea kama mtu aliyepewa mabawa. Dada akaniuliza, amesemaje? Nikamwambia, amekubali. Sasa kila siku nakusikia. Pazia, sawa. Kitanda, sawa. Tarehe, sawa. Usiku nalala najiuliza, hivi mimi ni pazia?"

"Wewe si pazia."

"Basi ni nini?"

Macho yake yalikuwa yamelowa pembeni, na hakuyaficha. Niliyatazama kwa uangalifu, kama ninavyotazama maziwa yasifurike. Nilijua ni macho ya mtu anayenipenda. Nilijua hivyo kwa kichwa tu.

Simu yake ikaita. Akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, nakuja, akaifunga.

"Lifti ya wodi imesimama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Hamna mtu ndani. Kuna toroli la chakula cha mchana."

"Supu itapoa," nikasema papo hapo. "Waambie wapandishe nyingine kwa ngazi, waanze na wodi ya watoto."

Akanitazama kwa muda. "Ona," akasema kwa sauti ya chini. "Mpishi yupo. Nimemsikia sasa hivi. Ila kwangu haji." Akatia simu mfukoni. "Nitakuwa ghorofa ya pili mpaka mchana. Chagua moja, Mpishi. Moja tu, kwa sababu yako mwenyewe, si yangu wala ya dada, kisha uje uniambie. Ukishindwa si kosa, lakini harusi tutaiahirisha. Siwezi kumwoa mtu ambaye hayupo."

"Sawa," nikasema.

Akafumba macho. Kisha akaondoka, akapita katikati ya ndoo na mabeseni bila kugusa hata moja.

Wifi alikuwa ameketi juu ya boksi la seti kana kwamba amekwisha kulinunua.

"Amekwambia nini?"

"Nisipochagua sufuria, harusi inaahirishwa."

Nilidhani atashangaa. Badala yake alishusha pumzi, akavua kiatu kimoja, akakisugua kisigino.

"Nisikufiche, wifi. Mimi ndiye niliyemtia maneno. Niliposikia amepata mpishi nikafurahi, nikasema sasa nyumba ya mdogo wangu itanukia vitunguu. Ukaja kwangu. Ukakaa kwenye kochi langu saa mbili nzima, ukasema maneno manne. Niliyahesabu."

"Yapi?"

"Asante. Ndiyo. Sawa. Kwaheri."

"Na 'poleni na kazi' nilipoingia."

"Hiyo ulimwambia paka wangu, alikuwa ndiye aliyekaa mlangoni." Hakucheka, lakini kona ya mdomo ilisogea. "Huyu nimemlea mimi. Wazazi walipoondoka alikuwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Nimeshona nguo za watu mpaka macho yakaisha ili asome ufundi. Akiwa na njaa, mimi najua kabla yake. Sitaki aingie kwenye nyumba baridi. Wewe si mbaya, ila unanitia baridi."

"Najua."

"Unajua. Haya, tufanye hivi." Akainuka, akafungua boksi, akatoa sufuria kubwa ya ile seti, akaninyooshea. "Mwambie hii umeipenda. Mwambie umependa mfuniko, unaona chakula kinavyochemka. Basi. Mambo yaishe, tushone gauni. Nani atajua?"

Nikaipokea. Ilikuwa njia rahisi, na nilikuwa nimechoka. Nikasali pale pale, macho wazi, sauti haikutoka: Ee Mungu, furaha sikuombi. Naomba tu nisimdhulumu yule mtu.

Hakuna kilichotokea. Ukuta ulikuwa ule ule. Lakini mikono haikungoja jibu. Iliigeuza sufuria juu chini, kama inavyofanya kila siku, kidole gumba kikaenda kwenye mshikio na kukandamiza. Mshikio ukacheza. Kidogo sana, kama jino la mtoto.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Hii hapana. Mshikio umechomelewa nukta mbili tu. Mwaka juzi wa namna hii uling'oka mkononi mwa mwenzangu, uji wote ukamwagikia mguuni. Alilazwa kwenye wodi tuliyokuwa tunaipikia."

Wifi akaitazama sufuria, akanitazama mimi. "Wewe," akasema, "umewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo?"

Profesa alikuwa amefika mbio kutoka kaunta. "Hatimaye," akasema, "mtu anayeangalia chini ya sufuria. Miaka kumi na tisa nangoja. Njoo, mama. Njoo nikuonyeshe za kupikia."

Akazipanga mezani. Hazikuwa kwenye boksi wala hazikuwa na picha. Nikazigonga vitako kwa kifundo cha kidole. Moja ilitoa mlio wa kengele, nikaiweka kando.

"Hiyo ina kosa gani?" wifi akauliza.

"Nyembamba. Inaunguza katikati, pembeni pabichi. Hizi mbili zina tabaka ndani ya kitako. Sikia." Nikagonga. "Mlio umekufa."

"Sumaku sasa," Profesa akasema kwa shauku.

"Sumaku weka mfukoni, Profesa. Naomba maji."

Alileta jagi. Nikajaza sufuria mpaka theluthi mbili, nikainua kwa mkono mmoja, nikamimina kwenye ndoo. Mdomo wake haukudondosha maji pembeni. Misumari ya mshikio ilikuwa imepita ndani ya ukuta wa sufuria na kubanwa pande zote mbili. Nikafunika mfuniko, nikauzungusha. Ulikaa.

Kisha nikakwama. Sikujua watu wawili wanakula kiasi gani. Mama alipokuwa hai nilimpikia uji kwenye kikombe cha bati, na tangu afariki nilikuwa nakula kazini.

"Una upawa?" nikauliza.

Profesa akaleta.

"Kwetu upawa ni robo lita," nikawaambia, au nilijiambia mwenyewe. "Mtu mzima, mchuzi, upawa mmoja na nusu. Wawili, pawa tatu. Anayerudi kuongezewa, upawa mmoja. Hiyo lita moja. Sufuria isijae kupita theluthi mbili. Basi ni ya lita moja na nusu."

"Ndogo hivyo?" wifi akasema.

"Ndiyo kiasi chetu."

Akashika upawa, akaurudisha mezani. "Na mimi nikija?"

Sikuwa nimefikiria kwamba atakuja. Nikamtazama. Alikuwa amesimama na kiatu kimoja mkononi, mwanamke wa makamo mwenye alama za sindano kwenye vidole, anauliza kama ana mahali.

"Ukija, lita tatu," nikasema.

"Lita tatu zote? Mimi sili sana."

"Nimekuona ukila."

Hapo alicheka, akajishika kiuno, mpaka Profesa naye akacheka bila kujua kwa nini. Mimi sikucheka. Lakini niliichukua ile ya lita tatu, na kikaango kimoja kizito chenye kitako cha rangi ya kijivu, nikasema ndizo hizo, mengine yarudi kwenye rafu.

"Na boksi langu?" wifi akauliza.

"Lirudi."

"Sawa," akasema, kisha akaniangalia, akaweka mkono mdomoni.

Nilienda hospitali kwa miguu, sufuria kwenye mfuko begani. Wifi alisema ananiacha niende peke yangu, ana gauni la kupima.

Ghorofa ya pili mlango wa lifti ulikuwa wazi nusu, umefungwa utepe. Ndani hakukuwa na lifti, kulikuwa na kamba nene zenye mafuta na giza. Watu watatu walisubiri: muuguzi aliyebeba mafaili, mgonjwa mzee na mlingoti wake wa dripu, na mfagizi aliyeegemea ufagio. Juu ya giza lile, kwenye ngazi ya chuma ya ukutani, niliona buti mbili nilizozijua.

"Fundi," nikaita.

Spana ikanyamaza. "Mpishi?"

"Nimechagua."

"Moja?"

"Tatu."

Sauti ikashuka, imejaa mwangwi. "Kwa sababu gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia mlio wa kitako, misumari ya mshikio, mdomo usiodondosha. Nikamwambia pawa nne. Nikamwambia ya lita tatu ni ya dada yake akija. Muuguzi alikuwa ameacha kusoma mafaili.

"Dada atakuwa anakuja?" Fundi akauliza.

"Kila Jumapili, nadhani."

"Na mimi?" akasema. "Mimi nimechaguliwa kwa sababu gani?"

"Fundi, kuna watu hapa."

"Wanasubiri lifti. Hawana pa kwenda."

"Jibu, binti," mzee mwenye mlingoti akasema. "Miguu inaniuma."

Nikaweka mfuko chini. Nilitafuta ndani yangu maneno ambayo wachumba huambiana, sikuyakuta. Nikatumia niliyokuwa nayo.

"Ya kwanza," nikasema. "Mwaka jana lifti hii ilisimama mimi na mama tukiwa ndani. Ulipofungua mlango hukujitetea. Hukusema mashine ni ya zamani. Ulipiga magoti mbele ya kiti chake cha magurudumu ukamuuliza kama anaona baridi, ukavua koti."

"Hiyo moja."

"Ya pili, unanawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kula chakula changu. Kila mara. Daktari mkuu hanawi hivyo."

Mfagizi akaguna kukubali.

"Ya tatu?"

"Ya tatu, mama alikudanganya. Alikwambia mimi ni mcheshi, nikianza huwezi kujizuia. Siku ya pili ukaja jikoni ukasimama mlangoni unasubiri nikuchekeshe. Mpaka leo unasubiri. Na hujawahi kunidai."

Buti zile hazikusogea.

"Lakini ujue jambo moja kabla hujashuka," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ile ile ya kuhesabu mchele. "Sisikii kitu, Fundi. Tangu mama. Nasali, sisikii. Ulipotokwa na machozi dukani niliyaona, sikuyahisi. Sijui itakwisha lini. Sitaki nikuuzie boksi lenye picha ya mwanamke anayecheka. Kama unataka kuahirisha, ahirisha. Mimi nimechagua. Na hii ya leo si sawa. Ni ndiyo."

Muuguzi alitoa kitambaa akapenga kamasi. Juu, spana iligonga chuma mara mbili, kisha buti zikapanda zikatoweka. Injini ikanguruma, kamba zikaanza kutembea, na lifti ikashuka polepole mpaka usawa wa sakafu, na baada ya muda Fundi akatokea kwa mlango wa ngazi, uso mweusi kwa grisi, na mistari miwili safi kutoka machoni hadi kidevuni.

Hakunigusa, kwa sababu ya mikono yake. Alisimama karibu sana, akanitazama kama mtu anayesoma barua kwa mara ya pili ili ahakikishe.

"Haiahirishwi," akasema.

"Nimesikia."

"Tutaingia hivyo hivyo. Ukihisi kitu, utanijulisha. Usipohisi, utanijulisha pia."

"Ndiyo."

Akang'oa utepe. "Samahanini," akawaambia wale watatu. "Baada ya matengenezo, safari ya kwanza napanda mimi peke yangu, mpaka juu na kurudi. Ndiyo utaratibu. Mniwie radhi dakika tatu."

"Panda tu," mfagizi akasema. "Mimi hata kesho siingii humo."

Fundi akalitoa toroli la chakula, akaingia. Nami nikachukua mfuko wangu, nikaingia nyuma yake.

"Mpishi, toka. Bado haijajaribiwa."

"Nimekusikia."

"Inaweza kusita njiani."

"Isite."

Alinitazama, akautazama mlango, kisha akabonyeza kitufe cha ghorofa ya sita kwa kifundo cha kidole ili asikipake mafuta. Milango ikafunga. Tulipanda bila neno, sufuria zikigusana ndani ya mfuko. Nilihesabu sakafu kwa taa zake. Tatu. Nne. Kati ya nne na tano lifti ikashtuka, ikadondoka labda upana wa kiganja, ikasimama, kisha ikaendelea kupanda kana kwamba haikufanya kitu.

"Ni breki tu," akasema haraka. "Inajiweka sawa. Usiogope."

Mkono wangu ulikuwa umeshika shati lake kifuani, ngumi nzima, grisi na vifungo vyote. Sikumbuki kuupeleka pale. Chini ya kitambaa moyo wake ulikuwa unapiga kwa nguvu, na niliuhisi kwenye vifundo vya vidole, kimoja kimoja.

Taa ya ghorofa ya sita ikawaka. Milango ikafunguka kwenye korido tupu.

"Tumefika," akasema.

"Najua," nikasema, na sikuachia.